Nifungie ya Hamsini

Mwaka 1927 Mwingereza mmoja, Michael Graham, alitumwa Ziwa Viktoria kuhesabu samaki. Serikali za kikoloni zilikuwa zimesikia malalamiko ya muda mrefu kwamba ngege, kitoweo cha karibu kila nyumba ya kando ya ziwa, anaadimika. Graham alizunguka majini hadi mwaka uliofuata, akavua, akapima, akauliza. Habari aliyoipata ilikuwa moja. Nyavu za kitani za kutega zilipoingia kwenye ghuba ya Kavirondo mwaka 1905, wavu mmoja ulitoa ngege kwa makumi katika usiku mmoja. Alipofika yeye, miaka ishirini na ushei baadaye, mvuvi aliyetega wavu kama huo aliamka akakuta samaki wa kuhesabu kwa vidole.

Kabla ya nyavu hizo watu wa Homa Bay, Mbita, Karungu na Muhuru walivua kwa vikapu na mitego ya mafunjo, na walichokipata kililiwa karibu na pale kilipovuliwa. Reli iliyofika Kisumu mwishoni mwa 1901 ndiyo iliyobadilisha mambo. Samaki aliyeopolewa alfajiri sasa aliweza kupandishwa gari moshi kwenda kulisha Nairobi, na nyavu mpya zikapata kazi ya kufanya. Graham alishauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5, ili ngege wadogo wapite wakakue. Sheria ya kutekeleza ushauri huo ilipitishwa mwaka 1933 na ikadumu upande wa Kenya mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pengine ndiyo mara ya kwanza serikali kuamua, bila kukusudia, ukubwa wa samaki atakayewekwa mbele ya mtu wa South Kavirondo, eneo ambalo leo limegawanyika, sehemu yake kubwa ikiwa kaunti za Homa Bay na Migori.

Mezani kwenyewe hakukuwa na kipimo. Katika boma la Mjaluo, wanaume walikula pamoja kwenye duol, kibanda cha mwenye boma, kila nyumba ikileta chakula chake, na kuon, ugali wa mtama au wimbi, ilikaa katikati kwa wote. Aliyekula haraka alishiba zaidi, na mgeni alipotokea watu walisogea tu. Swali la "sehemu yangu ni kiasi gani" halikuwa na mahali pa kuulizwa.

Lilipata mahali pale vijana walipoanza kuondoka. Kutoka Rongo, Kanyamkago, Karachuonyo na Gwassi walikwenda kwenye chai ya Kericho, kwenye miwa ya Miwani, kwenye reli, na baadaye kwenye mgodi wa Macalder, ambao ulichimbwa dhahabu na shaba hadi ulipofungwa mwaka 1966. Huko walikutana na posho: ratili mbili za unga wa mahindi kwa mtu kwa siku, yaani karibu gramu 900. Unga ulipimwa mbele yao na jina likawekewa alama kwenye daftari. Kwa mara ya kwanza shibe ya mtu mmoja iliandikwa kwa namba, na namba yenyewe ilikuwa ya unga mtupu. Kitoweo mtu alijitafutia.

Waliporudi nyumbani walirudi na mazoea ya mahindi meupe. Mtama haukutoweka, lakini ugali wa mahindi ukawa ndio chakula chenyewe, na vingine vyote vikawa vya kuusindikizia. Mgawanyo huo ni muhimu kwa yote yaliyofuata. Kwa miaka mia iliyopita, katika kila mlo uliouzwa kwenye kingo za barabara ya Kisii hadi Isebania, ugali umekuwa ukishikilia ukubwa wake kwa ukaidi, na kilichokuwa kikinyofolewa kidogo kidogo ni kile kilichoko pembeni yake.

Mjini, vyakula vya kununua na kuondoka navyo vilianza kwa unga wa ngano na mafuta. Meli za ziwani zilitia nanga Kendu Bay, Homa Bay na Mbita, na palipo na gati hapakosi abiria mwenye njaa. Kendu Bay, yenye jamii ya Kiislamu ya miaka mingi na maduka ya Wahindi, ilikuwa mahali pa mandazi, chapati na sambusa zilizofungwa kwa kipande cha gazeti. Kitu kinachouzwa kimoja kimoja kwa sarafu moja kina tabia yake. Sarafu haiwezi kukatwa, kwa hiyo ngano ikipanda bei kinachobadilika ni donge la unga kabla halijasukumwa. Mteja hula andazi lile lile, kwa bei ile ile, na hewa zaidi ndani yake.

Halafu akaja mbuta.

Alipandikizwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, kutokea upande wa Uganda, na kwa miaka mingi hakuonekana sana. Miaka ya 1980 ilipoingia, nyavu za ghuba ya Winam, ile ya Kavirondo ya zamani, na za visiwa vya Rusinga na Mfangano zilijaa samaki huyo. Mbuta mkubwa anaweza kupita kilo 100. Kina mama wachuuzi hawakumpokea kwa vigelegele. Alikuwa na mafuta mengi, hakukaushika juani kama wenzake, na kumbanika kulimaliza kuni. Tena hakuingia kwenye sufuria. Ngege alikuwa amenunuliwa mzima tangu enzi na enzi, kichwa na mkia, mtu akachagua kwa jicho anayemtosha. Mbuta alilazimika kukatwa, na tangu siku hiyo soko la samaki likajifunza kuuza kipande. Kipande kinaweza kuwa kinene kama kiganja au chembamba kama kidole, na anayeshika panga ndiye anayejua.

Viwanda vya minofu vilifuata, kisha ndege za mizigo. Ulaya, Israeli na kwingineko walitaka mnofu mweupe usio na mfupa. Ukimchonga mbuta, minofu hutoka zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito wake. Kilichobaki kilikuwa kichwa, mgongo wenye mbavu, mkia, na nyama iliyokwama mahali ambapo kisu cha kiwandani hakifiki. Malori yaliyabeba mabaki hayo hadi kwa kina mama, na kina mama wakayapa soko kwa jina ambalo kila mtu wa Nyanza analijua: mgongo wazi.

Kuutengeneza ni kazi ya moto mkali. Karai pana huwekwa juu ya mawe matatu au jiko la vumbi la mbao, mafuta yakichemka mgongo huteremshwa mzima, ukisikika ukipasuka kwa sauti. Hugeuzwa kwa waya mrefu wenye ndoano. Ukiiva unakuwa wa kahawia, mifupa midogo inatafunika, na nyama ya mashavu inabanduka kwa kidole gumba. Mama huuegemeza kwenye meza ya mbao uchuje, kisha huuvunja mara mbili au tatu pale kwenye maungo. Kila mvunjiko ni bei. Kichwa kina mteja wake, mgongo wa kati una wake, na mkia hupewa mtoto aliyetumwa na sarafu chache.

Wataalamu wa lishe waliuangalia mgongo wazi wakaona dhuluma: protini inapanda ndege, mifupa inabaki kwa mwenye ziwa. Ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980 na 1990, fungu la mgongo wazi lilikuwa ndio mlo mkubwa kuliko yote ambao fundi wa baiskeli au kibarua wa gati la Homa Bay angeweza kuubeba nyumbani jioni, na familia nzima ikapata cha kuchovyea. Tatizo lilikuja baadaye, pale viwanda vya chakula cha mifugo vilipoanza kuyanunua mabaki yale yale. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa ziwa hili kwa vipindi, mara kwa sababu ya vijidudu, mara kipindupindu, mara sumu iliyotumiwa kuvulia. Bei ufuoni ikaporomoka. Mvuvi alilia, naye mnunuzi mdogo akaonja mnofu aliokuwa akiusikia tu.

Chombo kilichotawala zama hizo, hata hivyo, hakikuwa karai. Kilikuwa kopo. Wakoloni waliacha debe, lile la mafuta ya taa la galoni 4, na kwa miaka mingi mahindi na omena, dagaa wa ziwani, vilinunuliwa kwa debe. Kununua debe kunahitaji pesa za debe. Viwanda vya mafuta ya kupikia vilipoanza kuuza mafuta mazito kwenye makopo ya kilo 2, kama Kimbo na Cowboy, kopo tupu likapata maisha ya pili sokoni. Likaitwa gorogoro. Wazee wa Ujaluoni bado huitaja njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa jina la kopo hilo, kwa sababu ndipo watu waliokuwa wakinunua gunia walipojikuta wakipanga foleni kwa kopo. Ukame wa 1984 ukaleta mahindi ya njano kutoka ng'ambo, nayo yakapimwa kwa gorogoro vilevile.

Gorogoro ni kipimo cha serikali isiyo rasmi, na kina siasa zake. Muuza omena wa Sindo au Mbita hujaza kopo hadi juu, kisha huongeza kwa kiganja mpaka kilima kisimame na samaki waanze kuteremka pembeni. Kilima hicho ndicho nyongeza. Mteja hulipia kopo, lakini hurudi kwa sababu ya kilima. Mambo yakibana, mkono wa muuzaji huwa mwepesi, kilima kinakuwa kichuguu, kisha juu kunasawazishwa kwa kijiti. Yakibana zaidi, kopo lenyewe hugeuzwa na kugongwa kitako kwa nyundo mpaka kiingie ndani. Kwa nje ni lile lile. Mnunuzi mzoefu huingiza mkono ndani kabla ya kukubali kupimiwa, na hakuna muuzaji anayethubutu kumuuliza anatafuta nini.

Sheria ya Vipimo na Mizani, sura ya 513 ya sheria za Kenya, ipo na inajua kuadhibu. Maafisa wake huja sokoni, hukagua mizani za wauza nyama na kubandika stika. Gorogoro huwapita tu. Vilevile hakuna afisa aliyewahi kupima ugali.

Mtindo huo wa nyongeza kutangulia kufa ndio ufunguo wa historia nzima. Bei kwenye vibanda vya Migori haipandi polepole. Hupanda kwa mruko, kutoka sarafu moja hadi nyingine, kutoka shilingi tano hadi kumi, kumi hadi ishirini, hamsini hadi mia. Kati ya mruko na mruko inaweza kupita miaka, na katika miaka hiyo kinachobeba mzigo ni ukubwa wa mlo. Kwanza huondoka nyongeza, yaani mchuzi wa pili, kijiko cha kachumbari, vipande viwili vya viazi vilivyotupwa juu baada ya mfuko kujaa. Kisha hupungua kipande chenyewe. Mwishowe muuzaji hupandisha bei, hurudisha ukubwa wa zamani kwa wiki chache ili watu wasinune, na safari huanza upya.

Marekani mambo yalikwenda kinyume kabisa. Mwaka 1955 McDonald's iliuza chipsi za saizi moja tu, zenye uzito wa wakia 2.4, karibu gramu 68. Miaka ya 1970 David Wallerstein, mtu aliyekuwa amezoea kuuza bisi kwenye majumba ya sinema, aliishawishi kampuni hiyo kwamba mteja huona aibu kununua pakiti mbili lakini hununua moja kubwa kwa furaha. Kufikia mwisho wa karne saizi kubwa zaidi ilikaribia mara tatu ya ile ya kwanza, na mwaka 2002 watafiti Lisa Young na Marion Nestle wakachapisha ulinganisho uliofanya watu washike vichwa. Sababu ilikuwa rahisi. Kule viazi na mafuta ni sehemu ndogo ya gharama, zilizobaki ni kodi, mishahara na matangazo, kwa hiyo kuongeza viazi hakumuumizi muuzaji. Mwenye kibanda cha Rongo hana matangazo na mfanyakazi wake ni binti wa dadake. Gharama yake karibu yote ni viazi, mafuta na makaa. Akiongeza kiganja, ametoa faida yake ya siku.

Chipsi zilifika huku zikitokea mijini, na zilishika kasi miaka ya 1990. Kuku alikuja nazo. Kampuni ya Kenchic, iliyoanza mwaka 1984, ndiyo iliyoieneza Kenya nzima ile picha ya kuku wa gredi aliyechomwa akaning'inia kwenye kioo, na pamoja naye kipimo kipya: robo. Kuku wa kienyeji hana robo ya kuaminika, kwa maana mmoja ni jogoo wa miaka miwili na mwingine ni tetea aliyechoka kutaga. Wa gredi hulelewa kwa wiki chache na kuchinjwa akiwa na uzito uleule, hivyo robo ya Migori na robo ya Nakuru zilikuwa ndugu. Hapo ndipo mteja wa kando ya ziwa alipopata kitu cha kulalamikia kwa haki. Robo ikipungua, anajua.

Viazi navyo havikuwa vya hapa. Homa Bay ni nchi ya viazi vitamu, na vya Kabondo vinasifika hadi Nairobi. Viazi vya chipsi hushuka kutoka Narok, Bomet, Molo na Nyandarua, hasa aina ya Shangi inayokomaa upesi na kuchipuka upesi vilevile. Kwa miaka mingi vilisafiri kwenye magunia yaliyoongezwa shingo kwa kamba mpaka yakabeba kilo 130 na zaidi, na mkulima akalipwa gunia moja. Sheria ya Mazao ya 2013, na kanuni za viazi zilizotolewa mwaka 2019, zilisema gunia lisizidi kilo 50. Wakulima walishangilia. Kwa mkaangaji wa Awendo maana yake ilikuwa kwamba gunia lake jipya lilikuwa dogo, na bei yake haikupungua kwa kiasi kilekile.

Yeye naye ana mizani yake. Chipsi hukaa kwenye sanduku la kioo lenye balbu, na huchotwa kwa kijiko kipana cha bati. Mchotaji hodari hupenyeza kijiko kwa chini, akainua kwa kutikisa kidogo, ndefu zikakaa juu zikipishana, zikaacha mapango katikati. Mfuko unajaa. Chumvi, mtikiso, sosi ya nyanya iliyoongezwa maji, kisha mdomo unakunjwa mara mbili kabla mteja hajaona chipsi zikiteremka na kuacha nafasi ya vidole vitatu.

Mfuko wenyewe ulibadilishwa kwa amri. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutumika, na aliyekutwa nayo alitishiwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo. Kabla ya hapo kitu chochote kilifungwa kwenye juala: ugali wa moto, supu, maharagwe, mgongo wazi ndani ya gazeti ndani ya juala jeusi. Juala lilikuwa na fadhila moja kubwa, nayo ni kwamba linanyooka. Mama akitaka kuongeza kijiko cha mchuzi, linapokea. Karatasi ya kaki iliyoingia mahali pake hainyooki, hulowa, na huuzwa kwa saizi. Kwa hiyo kiwanda cha karatasi mbali huko kiliweka dari juu ya ukarimu wa muuzaji. Mchuzi ukatoweka kwenye vyakula vya kufungiwa, na mteja anayetaka supu akaambiwa aje na kikombe chake. Wengi wanakuja nacho, na ni siri iliyo wazi kwamba anayeleta bakuli kubwa hupimiwa vizuri zaidi, kwa kuwa mama huona haya kuliacha nusu tupu.

Wakati huo miji ilikuwa imenenepa. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, Homa Bay na Migori zikawa makao makuu yenye mabunge, ofisi, benki na watu wa mishahara wanaotaka kula saa saba mchana. Chuo Kikuu cha Rongo kilipata hati yake mwaka 2016, na Chuo cha Tom Mboya kikaota mizizi Homa Bay. Mwanafunzi ni mteja wa aina yake: ana njaa kubwa na sarafu ndogo. Kwake kulizaliwa upya chapati na maharagwe, soseji ya smokie iliyopasuliwa na kujazwa kachumbari, na ugali wa sosa. Huu wa mwisho ni uvumbuzi wa heshima. Zamani hotelini, kwa simulizi za wateja wa umri mkubwa, ugali ukiisha kabla ya mboga mteja alipewa kipande kingine bila maneno mengi. Sasa kipande hicho kina bei yake, huletwa kwenye kisahani cha chai, na huagizwa kwa jina. Smokie ni tofauti: hutoka kiwandani ikiwa imeshakatwa, muuzaji hawezi kuifupisha, basi mchezo wote uko kwenye kachumbari. Msimu wa nyanya adimu, smokie hupasuliwa kwa mkato mfupi.

Machi 2020 serikali iliagiza mahoteli yasiweke watu mezani, yauze chakula cha kubeba tu, na tarehe 27 mwezi huo amri ya kutotoka nje usiku ikaanza. Waliokuwa wakila kwa kukaa wakalazimika kufungiwa, na bodaboda wakawa wahudumu. Sahani ilipoondoka, ikaondoka na macho ya majirani wa mezani. Mtu aliyekula kwenye benchi aliweza kuona mwenzake amepewa mnofu kiasi gani na kusema. Aliyeufungulia mfuko nyumbani kwake, mtaa wa Oruba au Sofia, hana wa kulinganisha naye.

Miaka iliyofuata ilipiga kotekote. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumu ya kuvu, kisha ikalegeza kwa masharti siku chache baadaye, na malori yakakwama mpakani Isebania wakati huo. Aprili 2022 Indonesia ilisitisha kuuza nje mafuta ya mawese, huku vita vya Ukraine vikiwa vimeshapandisha ngano na mafuta ya alizeti. Julai mwaka huo pakiti ya unga ya kilo 2 ilikuwa imepita shilingi 200, serikali ikatangaza iuzwe 100, na ruzuku hiyo haikuishi muda mrefu baada ya uchaguzi wa Agosti. Kwa mkaangaji, mafuta ndiyo yaliyouma. Chipsi za hamsini zikawa kitu cha kumtuliza mtoto. Chapati ya kumi ikawa habari ya kale. Serikali ilipokuja mwaka 2024 na muswada wa fedha uliotaka mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani na mafuta ya kupikia yaongezewe ushuru, vijana wa Migori na Homa Bay walikuwa miongoni mwa walioingia barabarani, na muswada ukaondolewa mwishoni mwa Juni.

Na samaki? Yule ngege ambaye Graham alikuja kumhesabu hapatikani tena kwenye karai kwa wingi. Anayeitwa ngege leo kwenye vibanda kwa kawaida ni nyamami, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaane, na sehemu kubwa ya wanaovuliwa huishia kwenye chakula cha kuku, pengine huyo huyo wa robo. Miaka ya 2010 makatoni ya samaki waliogandishwa kutoka China yaliingia mpaka masoko ya kando ya ziwa, yakiwa yamepangwa kwa saizi. Oktoba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alisema hadharani kwamba haieleweki kwa nini waingie, na bado wakaendelea kuingia. Mchuuzi aliyewanunua hakuvutiwa na ladha. Alivutiwa na usawa: samaki ishirini waliofanana, kila mmoja kwa bei moja, hesabu imekwisha kabla ya moto kuwashwa.

Wafugaji wa vizimba wameuelewa usawa huo. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010, maji ya Suba, Mbita na Roo, mahali ilipo kampuni ya Victory Farms, yamejaa vizimba vya nyamami wanaolishwa na kuvunwa wakiwa wa kutosha sahani moja. Hawaachwi wakue zaidi, kwa kuwa chakula chao ni ghali na soko halilipi. Hivyo kwa mara ya kwanza tangu nyavu za 1905, ukubwa wa samaki wa kukaanga hauamuliwi na ziwa wala na tundu la wavu. Unaamuliwa na kile ambacho mteja wa kibanda anaweza kutoa mfukoni.

Jioni kwenye stendi ya Migori mazungumzo huwa mafupi. "Mama, nifungie ya hamsini." "Jaduong', ya hamsini ni mkia. Wa kizimba ni mia mbili, wa ziwa ni mia tatu na hamsini." Wa ziwa amelala pembeni, mnene kuliko wenzake, mgongo wake umechanjwa mara nne ili mafuta yaingie. Mzee huwatazama wote watatu, huuliza kama ugali umo, huambiwa ugali ni wa kujitegemea, kisha huomba mkia uongezwe kipande cha mgongo. Mama huvunja kidogo, hupima kwa jicho, huvunja tena kidogo zaidi, na kukunja karatasi.